Petroli Iliyolala

Gitting,
Jumapili, saa kumi na moja jioni.

Mwanangu Marselina,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Ya kwako naijua, nakusikia hapo jikoni ukibishana na mama yako kama sanduku litafungika au halitafungika. Mimi nimewaambia niko chumbani naandika daftari langu la kila siku. Si kweli. Daftari nimelifunga, na karatasi hizi nimezichana mwishoni mwake, kwenye kurasa ambazo bado sijaziandika tarehe.

Mambo ya blanketi, sabuni na mahali pa kuficha vyeti mama yako ameyasema yote, mengine mara mbili. Sitayarudia. Nataka kukuambia habari za lile gari la kijani, na za mdogo wako tuliyemzika kando ya ua. Unafikiri unazijua. Ulizipata kutoka kwangu, na nilikupa vibaya.

Unakumbuka nilikuwa mtunza stoo kwenye mashamba ya ngano ya serikali, kule tambarare. Stoo ilinifundisha kuandika kila kitu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mashamba yalipobinafsishwa tukapewa barua za kuachishwa kazi, na baadaye vyombo vikuukuu vikauzwa. Wenzangu walinunua mabati na majembe ya trekta. Mimi nikanunua ile pikapu ya petroli, ambayo hata wakati ule ilikuwa na umri mkubwa kuliko madereva wengi waliowahi kuiendesha. Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mchanga, watu wakiulizana makao makuu kuwa Babati kutawafaa nini, na katika kijiji chetu lilikuwa gari pekee lililolala nyumbani kwa mtu.

Nililijengea banda. Nikalifunika turubai. Ninyi watoto mkaliita Bibi Harusi.

Mtu akinunua gari ni ili limpeleke mahali. Mimi niliogopa kila mahali. Niliogopa mawe ya kwenda Endasak, niliogopa matope ya kwenda Katesh, na zaidi niliogopa watu, maana gari likionekana barabarani kila mmoja ana gunia. Baba Fanueli, jirani yetu, alikuja kuniomba nimshushie viazi vyake mnadani. Nikamwambia gari hili ni la dharura. Tulikuwa wanaume watano pale mashineni tukingoja unga, akacheka.

“Jirani, gari lako ni mlokole,” alisema. “Halitoki ila Jumapili, na hata Jumapili yenyewe haliendi popote.”

“Siku utakayougua utalijua,” nikamjibu.

“Nikiugua nitapanda punda. Punda nimemwona akitembea.”

Walicheka mpaka mwenye mashine akatoka nje kuuliza kuna nini. Nilikasirika wiki nzima. Sasa naona alikuwa ameniambia ukweli wote, bure, mbele ya mashahidi.

Alichokuwa akikitania ni desturi yangu. Kila Jumapili baada ya ibada nilifunua turubai, nikapima maji na oili, nikaliwasha. Likanguruma dakika tano, nikiitazama saa. Nikalizima, nikalifunika. Jioni nikaandika: Gari limewaka. Dakika tano. Sauti nzuri. Ninayo madaftari yenye kurasa za namna hiyo, Jumapili baada ya Jumapili, kwa mwandiko safi. Niliamini huko ndiko kulitunza. Daftari halikusema uongo, mwanangu. Nililiuliza swali dogo, likanipa jibu dogo.

Mwezi wa tano wa mwaka uliotangulia kuzaliwa kwa mdogo wako nilikuwa nimetia petroli nusu tangi. Niliinunua Katesh kwa Mzee Athumani, aliyekuwa akiuza mafuta ya mapipa nyuma ya duka lake. Wazee wake walitoka Kondoa, lakini yeye alizaliwa hapa hapa. Nilimwambia tunakwenda Tumati kuwasalimu wazazi wa mama yako. Safari yenyewe nikaiahirisha mpaka mavuno, halafu mpaka vuli, halafu mama yako akawa mjamzito na nikapata sababu nzuri ya kutokwenda kabisa. Petroli ikalala tangini miezi kumi na mmoja.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa nne, mvua imeshika. Wewe ulikuwa na miaka tisa. Uchungu ulimwanza mama yako saa nne asubuhi, wiki tatu kabla ya siku tuliyotajiwa kliniki. Ulipelekwa kwa watoto wa Mama Fanueli, kwa hiyo hukuona kilichofuata pale langoni. Hili ndilo sikuwahi kumwambia mtu.

Mzee Athumani alikuwa anateremka na lori lake lililojaa viazi. Alisimama. Alikuwa amesikia habari huko mashineni.

“Baba Marselina, nimeambiwa mama hali si nzuri,” alisema. “Mpandishe hapa mbele na dereva. Mimi nitakaa juu ya viazi.”

“Ahsante, Mzee. Gari lipo.”

Akalitazama banda. “Lipo, naliona. Linatembea?”

“Kila Jumapili linawaka.”

“Sikuuliza kuwaka.”

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Alibaki ameushika mlango wa lori muda kidogo, mvua inamnyeshea kofia, kisha akasema, “Haya. Mungu awatangulie,” na lori likaondoka. Nilikuwa nimengoja miaka kupata dharura ya kulionyesha gari langu, na ilipokuja sikutaka mtu anipokonye. Hayo ndiyo maneno sahihi ya nilichofanya. Nimeyatafutia mengine miaka kumi, sikuyapata.

Gari liliwaka kwa jaribio la kwanza. Baba Fanueli na mkewe walikuwa wamekuja kusaidia, na hata saa ile, mama yako akiwa ameuma kitambaa cha kanga, nilimtazama Baba Fanueli nione kama amesikia linavyonguruma.

Mpaka korongoni tulikwenda vizuri, kwa kuwa ni mteremko. Upande wa pili, kwenye kile kilima mlichokuwa mkikipanda kwa mbio kutoka shule, likaanza kukohoa. Nikakanyaga mafuta, likazidi kuzimika. Lilisimama. Nikaliwasha, likawaka, likanguruma vizuri kabisa kama Jumapili. Nikalitia gia, likaenda hatua hamsini, likafa. Mara ya tatu nilifungua boneti, nikachomoa mpira wa mafuta na kuupuliza kwa mdomo. Nikameza petroli, nikatapika, nikaurudisha. Hatua thelathini. Likafa.

Baadaye nilielewa. Gari linalonguruma limesimama linaonja tu mafuta, kama mpishi anavyoonja mchuzi. Linalopanda kilima na watu wanne linataka kunywa. Tangi langu lilikuwa nusu tupu kwenye baridi na ukungu wa huku kwetu. Maji yakatona ndani yake, chuma kikashika kutu, kutu ikakaa chini. Kwa dakika tano za Jumapili, mafuta machache yaliyopenya chujio yalitosha. Kwa kilima hayakutosha. Gari lilikuwa bovu muda mrefu, na njia pekee ya kulijua hilo ilikuwa kuliendesha.

Mdogo wako alizaliwa pale pale, kwenye kiti cha mbele, tumeshika turubai mlangoni kukinga mvua. Hakulia. Mama Fanueli alimsugua mgongo, akampulizia, akamsugua tena. Mama yako akauliza, “Mbona simsikii?” Mama Fanueli akazidi kusugua. Trekta lilitukuta pale likamfikisha mama yako hospitali, na damu aliyokuwa akivuja ikazuiliwa. Daktari alitwambia asizae tena. Nilimwuliza kama tungewahi, mtoto angeishi. Akasema hajui. Nilitamani aseme ndiyo, au aseme hapana. Nimeishi na hilo “sijui” mpaka leo, na wakati mwingine nimelitumia kujificha.

Sasa nikueleze uongo ulivyoanza, maana siku hiyo haukuanzia kinywani mwangu, na huo ndio uliokuwa mtego. Wakati ule kila mtu alikuwa akilalamika kwamba petroli inachanganywa na mafuta ya taa. Tukiwa bado kilimani, Baba Fanueli, amelowa mpaka mifupa, alisema, “Hii petroli umeinunua kwa nani?”

“Kwa Athumani.”

“Basi amekuchanganyia.”

Nikanyamaza. Hakuuliza niliinunua lini.

Kufikia mazishi kijiji kizima kilikuwa na neno hilo. Walinijia mmoja mmoja wakiniambia pole, na wakiniuliza, “Ati ni yule mzee wa Katesh?” Mwanzoni niliinamisha kichwa. Kisha nikakitikisa kukubali. Siku ya tatu nikasema ndiyo. Ni hatua tatu ndogo, na hakuna hata moja niliyoona kwamba ndiyo kubwa.

Mzee Athumani alikuja msibani. Ulimwona wewe mwenyewe, na ulimwona Baba Fanueli akiinuka kwenye benchi ili asikae naye. Hukuona kilichofuata. Aliniomba kwa sauti ya chini nimwonyeshe gari. Tulikwenda nyuma ya nyumba, lilikokuwa limevutwa. Akafungua kifuniko cha tangi, akainama, akanusa.

“Hii ni ile ya mwezi wa tano,” alisema polepole. “Uliniambia mnakwenda Tumati.”

Akanusa tena.

“Inanuka kama rangi ya milango.” Akafunga kifuniko, akafuta mkono kwenye majani. “Pole sana, Baba Marselina. Mtoto ni mtoto.”

Akarudi kukaa peke yake kwenye lile benchi mpaka watu walipokula. Angeweza kusema neno moja pale, nikaaibika mbele ya wote. Hakusema. Sijui kama alinionea huruma au alikuwa akinipa nafasi ya kusema mwenyewe. Niliichukua huruma, nafasi nikaiacha.

Wiki ile ile nilimwita Fundi Yona kutoka Endasak, alishushe tangi. Yalitoka matope mekundu kama uji wa ulezi. Mpira wa mafuta ulikuwa umelainika kwa ndani ukaziba. Akanitazama. “Hili halikufa kwa petroli ya mtu,” alisema. “Limekufa kwa kukaa.” Nikamwomba asilisimulie. “Mimi ni fundi,” akasema, “si redio.” Alikusanya spana zake bila kuniaga. Baadaye gari nikamwuzia mtu wa Dongobesh, na banda tukahifadhia mahindi.

Nilipotafuta ukurasa wa siku ile kwenye daftari, nikakuta nimeandika neno moja: Mvua.

Marselina, ningeweza kuishia hapa na ungefikiri nilimkosea mzee mmoja tu. Nilikukosea na wewe. Ulipokuwa na miaka kumi na miwili tulikwenda Katesh kununua sare zako. Mzee Athumani alikuwa kibarazani. Akasema, “Hujambo, mjukuu.” Wewe, uliyelelewa kutoa shikamoo hata kwa mtu aliyelewa njiani, ulisimama ukasema kwa sauti ya wazi, watu wanasikia, “Simwamkii. Huyu ndiye aliyemuua mdogo wangu.”

Hakukutazama wewe. Alinitazama mimi. Akangoja.

Nilikushika mkono tukaondoka. Mtaa wa pili nikakununulia soda.

Nimefanya makosa mengi ambayo mtu anaweza kuyaeleza. Hiyo soda siwezi kuieleza. Uliinywa ukiwa na furaha kwamba umemtetea baba yako, na mimi nilikaa mbele yako nikikutazama ukiinywa. Tangu siku hiyo mimi mwenyewe, ambaye yule mzee ananizidi miaka kumi na tano, nikawa napita ng’ambo ya barabara nisimwamkie. Nilijiambia namtii binti yangu.

Watu wa kata yetu waliacha kununua kwake. Wa kata za jirani wakafuata. Wakampa jina, Mzee Mafuta ya Taa, na jina hilo hata wajukuu zake wamelikuta. Aliacha kuuza mafuta. Siku hizi mwanawe ndiye mwenye duka. Yeye hukaa mlangoni akiuza betri na nyuzi za viatu, mkabala na stendi ambako utapandia basi la Singida kesho.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini sikuweza kusema. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nalo lile gari ndani yangu pia. Mambo mema yote niliyajua, niliyaweka tayari, nikayafunika. Nilisema iko siku nitakwenda kumwona mzee. Kila Jumapili kanisani nilijipima, nikajiona bado ninanguruma. Hata wewe nilikufanyia hivyo. Ulipoomba likizo ukakae Tumati kwa bibi yako nilisema njia ni mbaya. Ulipochaguliwa kuimba na kwaya Mbulu mjini nilisema utapata baridi. Nilidhani nakutunza kwa ajili ya siku kubwa. Siku kubwa ni kesho, na naona aibu jinsi ninavyokujua kidogo. Huko chuoni, ukiwa mwalimu, utakutana na watoto watakaovunja vitu kwa kuvitumia. Usiwakasirikie upesi.

Na utakutana na siku ambayo mtu atakuletea jibu ambalo linakuokoa, kabla wewe hujalitafuta. Sijui nikuambie ufanye nini siku hiyo. Mimi nilishindwa. Najua tu kwamba linakuja kwa upole, kutoka kwa rafiki aliyelowa mvua kwa ajili yako.

Alhamisi mama yako alikuwa anapiga pasi nguo zako. Akasema bila kuinua macho, “Baba Marselina, mtoto anaondoka na lile neno.”

“Neno gani?”

“Unalijua.” Akageuza gauni upande wa pili. “Siku ile nilikuwa nimelala dirishani. Nilimsikia mzee akisema atakaa juu ya viazi.”

Miaka kumi, mwanangu. Alikuwa amesikia yote. Nikamwuliza kwa nini hakuwahi kusema.

“Nilikuwa nakungoja wewe,” alisema. “Kwanza nilingoja kwa hasira. Halafu nikachoka hasira, nikangoja tu. Lakini huyu anakwenda kufundisha watoto wa watu. Asiende na uongo wetu.”

Alisema wetu. Hakupaswa kujitia ndani, na alijitia. Usimlaumu. Ukiwa na lawama yoyote, ilete kwangu yote.

Basi nimekwisha amua. Mzee Athumani hufungua mlango kukipambazuka, na basi lako linaondoka saa mbili. Nitavuka barabara. Nitampa shikamoo yake, kisha nitamwambia petroli ilikuwa ya lini, na lori lake lilisimama wapi, na nilimjibu nini. Nitayasema mbele ya makondakta na wauza karanga, kwa sauti uliyoitumia wewe ulipokuwa na miaka kumi na miwili, ili atakayesikia asikie. Baba Fanueli nimemwomba atufuate mpaka stendi. Amefikiri ni kwa ajili ya kubeba sanduku. Mzee anaweza kunifukuza. Anaweza kusema nimechelewa, na itakuwa kweli. Mkewe alifariki mwaka juzi akiitwa mke wa Mafuta ya Taa, na yule siwezi kumwambia lolote.

Wewe sikuombi uvuke nami. Ulichosema siku ile kilikuwa changu, nami nitakichukua. Ukitaka kukaa ndani ya basi na kutazama upande mwingine, kaa.

Barua hii nitakupa leo, mara tu baada ya chakula, mkononi. Nilifikiri kukupa kesho dirishani basi likianza kuondoka, kama wazazi wengi wanavyofanya, lakini najijua. Nikifika Katesh hujaisoma, nitaona watu ni wengi, au mzee amelala, au mvua inakuja. Ukishaisoma sina tena pa kurudi. Nisaidie kwa hilo tu.

Na kama ukimaliza kuisoma utaona huwezi kusafiri na mimi asubuhi, mwambie mama yako, usione haya. Nitatoka alfajiri, nitashuka kwa miguu. Utakaponiona ng’ambo ya barabara nitakuwa nimekwisha anza.

Baba yako.